"Ni Kibarua Tu": Sentensi Inayowagharimu Waajiri wa Dodoma

Ukizunguka na makaratasi ya mishahara kwapani, kama ninavyofanya mimi, utaisikia sentensi hiyo kuanzia Ilazo hadi Nzuguni. Mwenye mgahawa anaitamka akimnyooshea kidole kijana anayemenya vitunguu. Fundi mkuu anaitamka akiwa chini ya ghorofa linalopanda mtaa wa Kisasa. Mwenye shamba la zabibu Hombolo anaitamka huku nyuma yake wanawake kumi na wawili wakijaza matenga. "Huyu si mwajiriwa wangu. Ni kibarua tu."

Ukiuliza mkataba uko wapi, unajibiwa: haupo, ndiyo maana nakwambia ni kibarua. Kwa hesabu ya mwenye biashara, pasipo na karatasi hapana ajira, na pasipo na ajira hapana deni. Hesabu hiyo ina kosa moja tu, lakini ni kosa la mwanzo kabisa wa hesabu, na linaharibu kila kinachofuata. Sheria za kazi za Tanzania Bara zinaisoma karatasi inayokosekana kinyume kabisa. Isipokuwepo, anayepata shida ya kujieleza ni mwajiri.

Naandika haya kwa mwenye watu watatu, saba, au kumi na wanne. Kampuni kubwa zina wanasheria na maafisa utumishi. Wenye shida ni waliokua na mji. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, mama lishe wa vigoda vitatu alijikuta ana meza ishirini na wapishi wanne. Treni ya SGR ilipoanza kushusha abiria hapa mwaka 2024, nyumba za kulala wageni nazo zikaongeza vyumba na wahudumu. Biashara zilikua. Utaratibu wa kuajiri ukabaki ule wa vigoda vitatu: njoo kesho asubuhi, tutaelewana.

Kuna kichekesho kidogo hapo. Sheria zenyewe zinatungwa hapa hapa mjini, na kila mwaka mwezi Juni Bunge hupitisha Sheria ya Fedha inayoweza kugusa makato ya mishahara kuanzia Julai 1. Mgahawa unaowalisha watunga sheria mchana unaweza usijue walichopitisha asubuhi. Kisingizio cha lugha kilikuwa na uzito zamani, maana sheria ziliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na kisingizio hicho kinazidi kuchakaa.

Nani ni mwajiriwa?

Wengi hulitafutia jibu swali hili kwenye barua ya ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, hulitafuta kwenye kazi yenyewe. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mkataba wao uwe wa sura yoyote, endapo hata kimoja tu kati ya vigezo vilivyotajwa kipo. Anayebisha ndiye atakayethibitisha kinyume chake.

Vigezo ni vya kawaida mno, na ndiyo maana vinanasa watu. Nani anaamua kazi ifanywe vipi? Nani anapanga saa ya kuingia na ya kutoka? Je, mtu huyu ni sehemu ya shughuli yenyewe? Je, anamtegemea huyo bosi kiuchumi? Nani anampa vitendea kazi? Je, anafanya kazi kwa mtu mmoja tu? Na kigezo ninachokipenda kuliko vyote: je, katika miezi mitatu iliyopita amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi?

Isome tena hiyo ya mwisho. Ni saa 45 kwa mwezi, wala si kwa wiki. Kijana wetu wa vitunguu anafika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Hizo saa 45 anazimaliza siku ya tano. Kisu ni cha mgahawa, aproni ni ya mgahawa, na anayemwambia aache vitunguu akaoshe sufuria ni mwenye mgahawa. Kulipwa kila jioni hakubadilishi kitu. Hayo ni mapatano ya siku ya malipo, basi.

Sikatai kwamba kuna mahali ambapo jibu ni gumu. Chukua dereva wa bajaji anayepeleka "hesabu" kila jioni kwa mwenye chombo. Chombo si chake, hapo kigezo kimoja kimetimia. Lakini hakuna anayempangia aende Area C au Chang'ombe, hakuna anayemuuliza kalala saa ngapi, na kinachozidi hesabu ni chake. Hapo mwenye bajaji ana hoja za kupeleka. Sasa mchukue kijana yule yule, mvalishe sare ya duka, mpe ratiba ya kupeleka mizigo ya duka hilo tu kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili, na mlipe kwa wiki. Bajaji ni ile ile, ila hoja zimekwisha.

Kwenye majengo mkanganyiko ni wa aina nyingine. Mwenye nyumba kampa kazi mkandarasi, mkandarasi kampa fundi mkuu, fundi mkuu kaokota saidia fundi sita pale wanapojipanga asubuhi. Mmoja akianguka kutoka kwenye jukwaa, kila mtu anamtazama mwenzake. Swali la kuuliza ni lile lile la vigezo: nani alikuwa anamwelekeza, nani alimpa kazi kila siku, nani alikuwa anamlipa? Mara nyingi jibu humwangukia fundi mkuu, ambaye maisha yake yote alijiona mfanyakazi, kumbe siku nyingi ni mwajiri.

Mdomo unatosha, lakini

Mkataba wa mdomo ni mkataba halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inalazimisha mkataba wa maandishi pale mtu anapokwenda kufanya kazi nje ya Tanzania. Kwa kazi za hapa ndani mnaweza kupatana kwa mdomo na mapatano yakasimama.

Hapo ndipo wengi huacha kusikiliza. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri, anapoanza kumtumia mfanyakazi, ampe maelezo ya maandishi: jina, umri, jinsia na anwani yake ya kudumu, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara, unavyokokotolewa, na marupurupu au malipo mengine yasiyo ya fedha. Ukurasa mmoja unatosha. Kikibadilika kitu, mnashauriana, karatasi inarekebishwa, mfanyakazi anajulishwa kwa maandishi.

Ikitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuitoa karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Tuseme mpishi amesema mlipatana laki tano kwa mwezi na chakula cha mchana. Wewe unasema laki tatu na nusu. Katika madai ya kawaida, anayedai ndiye anayethibitisha. Hapa, kwa kuwa karatasi iliyopaswa kuandikwa na wewe haipo, ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba hizo laki tano hazikuwahi kutamkwa. Utaonyesha kwa kitu gani? Kwa miamala ya simu, labda, kama ulikuwa unalipa kwa simu na hukuchanganya na hela ya kununulia nyanya.

Kati ya vipengele vyote vya maelezo hayo, kinachopuuzwa zaidi ni "mahali alipoajiriwa", na kwa jiji letu ndicho chenye gharama za kushtukiza. Wahudumu wengi wa hapa wameletwa: kutoka Kondoa, Singida, Iringa, wengine mbali zaidi. Shangazi alipiga simu, binti akapanda basi. Ajira ikikoma mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri anapaswa kumsafirisha na mizigo yake hadi alipoajiriwa, au kumlipa gharama za safari hiyo. Tena kuna posho ya kujikimu kwa siku atakazokaa akisubiri kusafirishwa. Nauli ya basi haimfilisi mtu. Kinachofilisi ni posho ya siku moja inayokuwa ya miezi kwa sababu mwajiri alisema "atajua mwenyewe atakavyorudi". Iandike sehemu hiyo kwa ukweli siku ya kwanza. Kama mtu alikuja Dodoma kwa safari zake na ukamwajiri hapa, andika Dodoma. Kama ulimtumia nauli akiwa Manyoni, andika Manyoni.

Ujanja wa miezi mitano

Kuna ushauri unaozunguka mjini, na wanaoutoa hujiona wajuzi: usimweke mtu miezi sita, mwezi wa tano mwambie apumzike, wa saba mrudishe. Chanzo chake ni cha kweli. Sheria inasema masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita ya ajira. Asiyefikisha miezi sita pia hana haki ya likizo yenye malipo.

Waliousambaza ushauri huo walisoma nusu ya mstari. Kuhusu kuachishwa kazi, miezi sita hiyo inahesabiwa kwa mwajiri yule yule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Kuhusu likizo, aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri huyo huyo, na vipindi hivyo vikijumlishwa vikazidi miezi sita, anastahili. Ukimpumzisha na kumrudisha, ujanja wako wenyewe unakuwa ushahidi kwamba ulikuwa unamhitaji muda wote.

Mashamba ya zabibu yanastahili neno lao. Mkoa wa Dodoma una bahati ya kuvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo akina mama wale wale wa Hombolo au Mpunguzi huitwa kukata, kisha kupumzika, kisha kuitwa tena. Sheria inawatambua wafanyakazi wa msimu, na hata likizo inawagusa. Mwenye shamba makini huandika daftari la mahudhurio: jina, siku, kazi iliyofanywa, kiasi kilicholipwa, sahihi au dole gumba. Mwaka ukiisha anajua nani kafika wapi, na akiulizwa hababaiki.

Mshahara gani ndio halali?

Mei Mosi ya mwaka 2025 iliadhimishwa kitaifa Singida, jirani zetu. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza pale kwamba kima cha chini kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai. Wiki ile nilipigiwa simu na waajiri watatu wakiwa na jasho, na wahudumu kadhaa wakiwa na furaha. Wote walikuwa wamesikia nusu. Kima hicho ni cha watumishi wa umma.

Sekta binafsi ina utaratibu wake, Amri ya Mshahara, ambayo hutolewa kisheria na kupanga viwango kwa kila sekta: kilimo, biashara, hoteli, ulinzi, kazi za nyumbani na nyinginezo. Mpya ilitangazwa Oktoba 2025 ianze Januari 1, 2026. Katika kuitangaza, Serikali ilisema kima cha chini kinapanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322. Ni wastani huo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Majengo asiubandike ukutani kana kwamba ndio mshahara wa kila mtu. Atafute sekta yake ndani ya jedwali, na humo humo atakuta viwango vya saa, vya siku na vya wiki. Hivyo vya siku ndivyo vinavyowahusu wale wanaoitwa vibarua. Naam, hata kibarua wa siku moja ana kima chake cha chini.

Sasa makato. Mtu wa Sh400,000 kwa mwezi anachangia NSSF asilimia 10, yaani Sh40,000, na mwajiri anaongeza Sh40,000 nyingine. Kodi ya mshahara inakokotolewa baada ya kuutoa mchango huo: zinabaki Sh360,000. Sh270,000 za mwanzo hazitozwi, zinazozidi hapo hadi Sh520,000 zinatozwa asilimia 8. Kwa hiyo asilimia 8 ya Sh90,000 ni Sh7,200. Mfanyakazi anaondoka na Sh352,800. Mwajiri binafsi analipa pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ya mshahara, ambayo hapa ni Sh2,000, na hiyo haikatwi kwa mfanyakazi hata senti. Jumla mtu wa laki nne anakugharimu Sh442,000. Ukifikisha wafanyakazi 10 inaingia na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5, nayo ni ya mwajiri. Kodi ya mshahara inapelekwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha.

Waajiri wengi hunung'unika kuhusu NSSF na kuiacha WCF kabisa. Mimi nadhani wamekosea mpangilio. Kwa mtu mwenye jukwaa la ujenzi, jiko la gesi au mashine ya kukamua alizeti, hizo Sh2,000 ndizo zinazosimama kati yake na gharama za mkono uliokatika.

Na kosa la aibu kuliko yote ni kumkata mtu NSSF kisha usipeleke. Hapo umetumia hela ya mtu. Siku anapofuatilia mafao yake akakuta miezi mitupu, hakuna maelezo yatakayosikika vizuri.

Shoti ya kaunta

Sahani zimevunjika, kreti imepungua, hesabu ya kaunta ina shoti ya Sh60,000. Kawaida ya mji ni kwamba mwisho wa mwezi inakatwa kimya kimya, na ikiwa hajulikani aliyefanya, wanakatwa wote.

Sheria inaruhusu kukata mshahara kwa hasara, lakini kwa masharti ambayo sijawahi kukuta mgahawa unayafuata bila kuambiwa. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la huyo anayekatwa. Apewe maandishi yanayoeleza sababu, kiasi, na kilivyopatikana. Apewe nafasi ya kubisha. Asidaiwe zaidi ya hasara halisi. Na makato ya deni hilo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kukata watu watano kwa sahani aliyoiangusha mmoja hakumo. Wala "faini" ya kuchelewa ambayo meneja aliibuni asubuhi ile.

Siku ya kuachana

Kibarua cha mtu kuota nyasi ni jambo la dakika moja kwa mdomo. Kisheria lina sehemu mbili, na mwajiri anatakiwa kuzithibitisha zote: sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu inaweza kuwa mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kutopatana kwake na kazi, au mahitaji ya uendeshaji, mfano biashara imeshuka. Waajiri wengi niliowaona wakipoteza walikuwa na sababu nzuri kabisa. Mhudumu aliiba kweli, na kamera ilimwonyesha. Walipoteza kwenye utaratibu.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo, nao si mgumu kama unavyosikika. Fanya uchunguzi kwanza. Ukiona kuna shauri, mwandikie mtu tuhuma zake kwa lugha anayoielewa na umpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Mwambie anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Kikao kiendeshwe na mtu ambaye hakuhusika na tukio. Kama ni wewe uliyemkamata na sukari kwenye begi, wewe ni shahidi, tafuta mwingine akae kitini. Msikilizeni, aulize maswali, alete mashahidi wake. Akikutwa na hatia, asikilizwe tena kuhusu adhabu, kisha apewe uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Ukiona asikae kazini wakati wa uchunguzi, msimamishe, lakini mshahara wake kamili unaendelea.

Biashara ikiwa ndiyo iliyoshuka, njia ni nyingine: unawapa taarifa mapema, unaweka hali wazi mezani, mnashauriana kama kuna namna ya kuepuka kupunguza watu, na kama haipo, ni vigezo gani vitumike kuchagua. Kuamka Jumatatu na orodha ya majina sita hakumo.

Wapo wanaokwepa yote hayo kwa kumpa mtu kalamu: andika mwenyewe kwamba unaacha kazi. Sheria inalijua hilo pia. Mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike huhesabiwa ameachishwa.

Kisha stahiki. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28 au malipo yake. Anayelipwa kwa siku au wiki, siku nne. Aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza, siku saba. Mshahara wa siku alizofanya. Likizo ambayo hakwenda. Stahiki ya mwaka ni siku 28. Cheti cha utumishi, ambacho hakina gharama na bado watu hukinyima kwa hasira. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo. Yule wa Sh400,000 akiwa amemaliza miaka mitatu: gawanya kwa siku 26 za kazi upate takriban Sh15,385, zidisha kwa siku 21, ni kama Sh323,000. Aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu haipati hiyo ya mwisho, lakini mshahara wa siku zake na likizo yake hubaki pale pale.

Nina neno dogo kuhusu tabia mpya. Mtu akiondoka, picha yake inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram: "Tunautaarifu umma kwamba huyu si mfanyakazi wetu tena", na mara nyingine namba yake ya kitambulisho inaonekana wazi. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kitambulisho cha NIDA na picha ulivyopewa kwa ajili ya ajira ulipewa kwa ajili ya ajira. Kama kuna wateja anaowadai kwa niaba yako, wapigie simu hao.

Kwenye Tume

Mgogoro usipomalizika ofisini unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaifahamu kwa herufi za CMA. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30. Madai mengine siku 60. Mwajiri asizihesabu siku hizo kwa furaha, maana aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuomba kuongezewa muda.

Kwanza ni usuluhishi. Hapo hakuna mshindi, mnasaidiwa kupatana, na muda wake ni siku 30 isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Migogoro mingi ya biashara ndogo ingeishia hapo kama mwajiri angefika. Hafiki. Anaona kuitwa na mtu aliyekuwa akimwosha vyombo ni dharau, anaweka wito kwenye droo. Usipotokea, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua shauri bila wewe. Nimewahi kumkuta mwajiri mmoja hapa mjini, mfanyabiashara mzoefu, ambaye alijua kuna shauri siku alipofika dalali wa mahakama. Wito tatu zilikuwa chini ya daftari la madeni ya nyama.

Usuluhishi ukishindikana unafuata uamuzi: ushahidi, mashahidi, vielelezo, na mwisho tuzo. Asiyeridhika anaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Kwenye hatua ya uamuzi ndipo mzigo wa kuthibitisha unapoonekana kwa macho. Mfanyakazi anaanza na kusema niliachishwa. Kuanzia hapo ni wewe unayetafutwa. Sababu ilikuwa nini, kikao kilikaa lini, barua ya tuhuma iko wapi, nani alisaini. Na fidia ya kuachishwa isivyo halali huhesabiwa kwa miezi ya mshahara, ambayo kwa mgahawa mdogo inaweza kuwa faida ya mwaka mzima.

Kuna waajiri wanaoniuliza kama yote haya si ya kampuni kubwa tu. Jibu ni hapana. Majeshi, Polisi, Magereza na JKT ndio walio nje ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Dada wa kazi za ndani yumo. Mlinzi wa usiku yumo, na kwake ongeza asilimia 5 kwa saa za usiku, na kumbuka kwamba kikomo cha kawaida ni saa 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Mjamzito yumo, na siku zake 84 za likizo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho yaliyopitishwa mapema 2025 yalimwongezea muda mama wa mtoto njiti.

Unachohitaji ni kasha la plastiki lenye mfuniko, la kuzuia vumbi la Dodoma na mchwa. Kila mtu bahasha yake: ukurasa wa maelezo ya ajira wenye sahihi mbili, nakala ya kitambulisho, slipu za mshahara, fomu ya likizo, barua zozote mlizoandikiana. Daftari la mahudhurio likae juu. Na akiondoka, usiichome bahasha yake kwa hasira wala kufungia maandazi: maelezo yake unatakiwa kuyatunza miaka mitano tangu siku ajira ilipokoma.